Namba za Injini, Majina ya Watu

Kumbukumbu za wapenzi wa treni za zamani mimi huzisoma kwa mapenzi na kwa hasira, vyote kwa pamoja. Mwulize mmoja wao kuhusu zile injini kubwa za mvuke za aina ya 59. Atakwambia, bila kufungua kitabu, kwamba zilikuwa 34, kwamba zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1950, kwamba zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kwamba namba 5918, Mount Gelai, ingali imesimama kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi. Sasa mwulize fayamani wake aliitwa nani. Kimya.

Kwanza niwape haki yao. Bila watu hawa, mengi tunayoyajua kuhusu reli yetu yangeuzwa pamoja na vyuma chakavu. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, mali ikagawanywa kati ya nchi tatu, na katika mgawanyo kama huo ni nani hushughulika na picha na madaftari? Wao walishughulika. Tena wana nidhamu ambayo sisi waandishi tungefaa kuionea wivu. Mwandishi wa riwaya atakuchorea mtu anayechota makaa kwa koleo mbele ya tanuri, kwa kuwa ndivyo alivyoona kwenye sinema. Mpenzi wa treni atamkatiza hapo hapo: hizo 59 zilichoma mafuta, na kabla ya mafuta injini zetu zilikula kuni.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye kinachohesabiwa. Mazoea haya ni ya zamani, na chanzo chake kiko vitabuni. J. H. Patterson alipochapisha kitabu chake kuhusu simba wa Tsavo mwaka 1907, aliandika kwamba simba wale waliwaua wafanyakazi Wahindi 28. Na Waafrika je? Anasema walikuwa wengi, ila hesabu yao rasmi haikuwekwa. Sentensi moja, kisha anaendelea na bunduki yake. Simba wenyewe walihifadhiwa vizuri: wako Field Museum, Chicago, na ukienda utawatazama usoni.

Wahindi waliojenga reli kuanzia mwaka 1896 hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901 angalau wana takwimu: waliletwa kama 32,000, wakafa karibu 2,500. Walikuja kwa mkataba, na mkataba huacha karatasi. Lakini hata hao ni takwimu tu. Ukisoma historia rasmi ya M. F. Hill ya mwaka 1949, iliyotolewa na shirika la reli lenyewe, au The Lunatic Express ya Charles Miller ya mwaka 1971, utawajua vizuri wahandisi, wanasiasa wa London na masetla. Wapenzi wa treni wamekulia kwenye rafu hiyo, na wakiandika, wanaandika kama rafu ilivyowafundisha.

Ndiyo maana kumbukumbu zao hukaa sana kwenye behewa la chakula. Utaambiwa habari za kitambaa cheupe mezani, vijiko vilivyong'aa, kengele ya chakula cha jioni, na machweo ya Athi dirishani. Mimi nauliza habari za la tatu, ambako abiria wengi walikaa. Huko mlo ulipitia dirishani: mayai ya kuchemsha, ndizi, mahindi ya kuchoma, na chenji ikirushwa treni imeshaanza kuondoka. Kwa wauzaji wale, stesheni ilikuwa soko. Treni ikiacha kupita, soko linakufa. Picha ya nyasi zilizoota kati ya mataruma ni nzuri, sikatai, lakini aliyeuza mayai pale hayumo.

Riwaya zimejaribu kuziba pengo. M. G. Vassanji, katika The In-Between World of Vikram Lall ya mwaka 2003, anampa msimulizi wake babu aliyekuja kujenga reli. Peter Kimani, katika Dance of the Jakaranda, anamweka fundi wa Kihindi katikati ya hadithi, na kitabu kilitoka mwaka 2017, mwaka ule ule SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Nazipenda zote mbili. Lakini riwaya hubuni jina pale ambapo rekodi haina jina, na zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza. Fayamani wa kweli alizungumza Kiswahili kazini, Kiswahili cha stesheni, bogi na landhi. Hata jina gari la moshi lina historia ndani yake: gari limetoka Bara Hindi, moshi ni wa huku kwetu.

Kuna haraka pia. Kijana aliyekuwa na miaka 20 injini za 59 zilipoletwa mwaka 1955, sasa amepita 90. Wengine walizaliwa kwenye landhi za Muthurwa, wengine baba zao waliingia katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, uliowakusanya watu wa reli na wa bandari. Ukimkuta mzee kama huyo amekaa kibarazani, hana namba ya injini ubavuni ya kukuvutia. Itabidi umsalimie, uketi, usubiri chai.

Kwa hiyo ninachowaomba wapenzi wa treni ni hiki: bidii ile ile, daftari lile lile, safu moja zaidi. Pembeni ya 5918, Mount Gelai, andikeni dereva alikuwa nani, fayamani nani, na kwao ni wapi.