Kungumanga Haitiwi Kwenye Shira

Fainali ya halua mliitazama, na dakika ile mliiona. Shira ndiyo kwanza inatokota, wanga umeshakorogwa ndani, samli bado imo bakulini pembeni. Mpishi aliyetwaa ubingwa akachota kijiko cha unga wa kungumanga, tena wa pakiti, akaumwaga wote. Waamuzi wakatikisa vichwa kuafiki. Kwangu mimi halua iliharibika hapo hapo, na kusonga kote kulikofuata hakukuiponya.

Tuiangalie sufuria ilivyokuwa. Mlikuwa na maji, sukari na wanga, basi. Harufu ya kungumanga imo katika mafuta yake mepesi, yale yanayopaa na mvuke. Ndiyo maana viwandani huyatoa kwa kuipitishia mvuke huo huo, kisha wakaukinga. Yeye aliyachemsha kwa zaidi ya saa nzima, sufuria wazi, bila kukinga kitu. Ukumbi ukanukia, watu wakashangilia. Walichokuwa wakikinusa ni kile kilichokuwa kikitoka kwenye halua.

Mtangazaji mmoja alimtetea kwamba mafuta hushika harufu. Samli huishika kweli, sibishi. Lakini samli ilianza kutiwa baadaye sana, upawa mmoja mmoja, ikakuta unga uliobaki na ukakasi tu. Hoja hiyo ingemfaa kama angesubiri. Na alijua mwenyewe kwamba mambo si mazuri: karibu na kuepua alionja, akasita, akaongeza kijiko cha pili. Kungumanga ikizidi ni chungu, na uchungu ule haufichwi na sukari. Mwamuzi wa kushoto alikunja uso alipoonja. Kamera ilimwonyesha, alama zake hazikuonyesha.

Kusonga alisonga vizuri, na rangi ilikuwa safi.

Mafundi wa zamani wa Wete na wa Mji Mkongwe wasingeigusa kungumanga mapema hivyo. Waliiacha nzima mpaka halua ianze kuachana na sufuria na kurudisha samli. Hapo ndipo walipoikuna, ikaingia pamoja na hiliki na zafarani iliyorowekwa kwenye marashi, ikageuzwa mara chache, wakaepua. Moto uliobaki ndani ya halua yenyewe unatosha kuifungua. Mshindani aliyeshindwa alifanya hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na waamuzi hawakumpa hata sentensi nzima.

Narudi kwenye pakiti, na nitaendelea kurudi. Kungumanga nzima hukaa miaka na harufu yake; ikishasagwa, mafuta yanakutana na hewa na kuanza kuondoka siku hiyo hiyo. Nzima unaweza kuipima: ichome kwa sindano, kama ni njema mafuta yatachomoza. Unga utaupimaje? Hata zilizotobolewa na wadudu husagwa humo, na mnunuzi hajui. Mkulima wa Kizimbani anapanda mbegu na kungoja miaka sita au saba mti utoe maua ndipo ajue ni jike au dume, kwa kuwa majike ndiyo yanayozaa. Anangoja tunda lipasuke lenyewe, anabandua basibasi nyekundu, kisha anaanika mbegu kwa wiki kadhaa mpaka kiini kilie ndani ya ganda. Ganda lile ndilo linaloilinda harufu. Kupika halua ya fainali kwa unga wa pakiti, katika nchi yenye mashamba hayo, ni kumdharau mtu huyo.

Na basibasi je? Kama alitaka viungo viingie tangu kwenye shira, angetia vipande vizima vya basibasi. Hutoa harufu polepole, ni laini kuliko kungumanga, na huopolewa kwa mwiko kabla ya samli kuingia. Jikoni mle ilikuwemo, kwenye kichupa cha tatu kutoka kulia. Hakuna aliyeifungua usiku kucha, si washindani wala waamuzi waliojisifu kwamba wanaijua halua.

Alama za harufu zilikuwa kumi. Bingwa alipewa tisa. Mimi ningempa tatu, na hizo kwa ajili ya zafarani. Kwa hesabu hiyo kombe lingekwenda kwa yule aliyekuna kungumanga yake mwishoni, mbele yetu sote, akaepua kwa wakati.