Maneno Yaliyokuja Mwisho

Fungua toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, la Juni 1973, ufike pale Green Goblin, adui wa Spider-Man, anapompandisha Gwen Stacy, mpenzi wa shujaa huyo, juu ya daraja. Maneno yaliyomo ukurasani yanataja daraja la George Washington, lile la chuma linalovuka mto Hudson kuelekea New Jersey. Sasa itazame picha. Minara aliyoichora Gil Kane ni ya mawe, yenye matao yaliyochongoka, na kila aliyewahi kuiona picha ya New York anaijua: ni ya daraja la Brooklyn, lililo upande mwingine kabisa wa Manhattan. Kosa hilo limewachekesha wapenzi wa Spider-Man kwa zaidi ya miaka 50. Baadhi ya matoleo yaliyochapwa upya yamelirekebisha, na angalia kilichorekebishwa ni nini: jina la daraja. Picha haikuguswa.

Wengi huliita kosa hilo uzembe, basi. Mimi huliona kama mshono uliojitokeza kwenye nguo iliyoshonwa vizuri; ukiufuata unajua fundi alianzia wapi akamalizia wapi. Katika katuni za Marvel za zama zile, aliyechora na aliyeandika hawakuwa wakifanya kazi kwa pamoja wala kwa mpangilio tunaoudhania. Picha ilitangulia, maneno yakafuata.

Mpangilio wa kawaida ni kinyume cha huo. Kwa washindani wao wa DC, mwandishi aliandika hadithi nzima kwanza, ukurasa kwa ukurasa na fremu kwa fremu, pamoja na kila tamko la kila mhusika. Mhariri akapitia, akakata, akarudisha, na ilipokamilika ndipo mchoraji akapewa. Marvel haikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Kuanzia Fantastic Four ya kwanza, mwaka 1961, Stan Lee alikuwa mhariri na papo hapo mwandishi wa sehemu kubwa ya magazeti ya nyumba hiyo ya uchapishaji. Wachoraji wake walilipwa kwa ukurasa. Mchoraji aliyekaa akisubiri maandishi hakuingiza hata senti, na mtu mmoja hangeweza kuwaandikia wote kwa wakati. Lee akapata njia ya mkato: anampa mchoraji kisa kwa mazungumzo au kwa karatasi moja mbili, mchoraji anakwenda nyumbani kuchora hadithi nzima kwa penseli, kisha kurasa zinarudi ofisini na Lee anazijaza maneno.

Njia hii inayoitwa njia ya Marvel husimuliwa kama hila ya kuokoa muda tu. Ilikuwa hivyo, ila ilibadilisha pia nani anaamua nini. Mtu aliyepewa mistari michache ya kisa ndiye aliyepanga mapigano yachukue kurasa nne au nusu ukurasa, uso upi uonekane kwa karibu, na msomaji afunue ukurasa akutane na nini. Hiyo si kazi ya kupamba hadithi ya mwenzio. Ni utunzi wenyewe.

Mfano mashuhuri ni wa Fantastic Four toleo la 48, la Machi 1966. Kisa kilikuwa cha Galactus, jitu linalokula sayari. Kurasa za Jack Kirby zilipofika, Lee alimkuta humo mhusika ambaye hawakuwahi kumzungumzia, kiumbe wa rangi ya fedha anayeteleza angani juu ya ubao. Kirby alikuwa ameona kwamba jitu la ukubwa ule halina budi kuwa na tarishi wa kumtangulia. Lee akampenda, akampa lugha nzito ya kifalsafa, na Silver Surfer akazaliwa hivyo, mchoraji akiwa ametangulia na mhariri akimfuata. Kirby alikuwa pia na desturi ya kuandika kwa penseli pembezoni mwa kurasa maelezo ya kinachotokea na kile wahusika wanachosema, na Lee akaamua lipi alichukue na lipi aliache. Anayetaka kujua nani aliandika nini aanzie kwenye kurasa hizo za asili.

Baada ya maneno kupatikana, nafasi ya kugeuza mambo ilifungwa haraka. Lee aliweka alama juu ya michoro kuonyesha viputo vya maneno vikae wapi, na hapo kuna ufundi ambao msomaji hauoni: jicho linasoma kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kiputo kilichowekwa vibaya humfanya mhusika ajibu swali ambalo halijaulizwa. Kisha karatasi ikaenda kwa mwandishi wa herufi, Artie Simek au Sam Rosen, aliyeandika kila neno kwa mkono na kwa wino juu ya karatasi ileile yenye mchoro. Baada yake ndipo mtia wino akaipita penseli yote. Karatasi ilikuwa kubwa kuliko ukurasa utakaochapwa, ili ikipunguzwa kasoro ndogo zififie. Kutoka hapo, marekebisho yoyote yalihitaji rangi nyeupe, wembe na gundi. Ndiyo maana kubadilisha herufi chache za jina la daraja ni jambo la dakika, na kuchora upya minara ni kazi ya siku.

Toleo lile la 121 lina jambo jingine la kutazamwa kwa karibu zaidi. Spider-Man anarusha utando, unamnasa Gwen miguuni kabla hajagusa maji, na mwili wake unasimama ghafla. Pembeni ya shingo yake pameandikwa mlio mdogo sana, wa kitu kinachovunjika. Ufute mlio huo, na picha inabaki na maana moja: Green Goblin amemuua, kwa kuanguka au kabla ya kuanguka. Uache, na lawama inahama. Aliyemuua ni utando, yaani mkono wa anayempenda. Wasomaji waliuliza, na katika kurasa za barua za toleo la 125 nyumba ikakiri kwamba kilichomuua ni ule mshtuko wa kusimamishwa ghafla. Gerry Conway, mwandishi, alikuwa kijana wa miaka 20. Sidhani kuna mlio mwingine katika katuni za mashujaa uliobeba uzito kama huo, na unatoka kwenye hatua ya mwisho ya utungaji, ya kuweka maneno juu ya picha iliyokwisha kuchorwa. Hata kichwa cha hadithi kiliwekwa mwishoni. Kinatokea ukurasa wa mwisho, kwa kuwa kinataja kifo cha Gwen na kingeharibu kila kitu kama kingekaa mahali pake pa kawaida.

Mamlaka ya mhariri yaliishia mlangoni kwa mchapaji. Hulk alipotoka mara ya kwanza, Mei 1962, alikuwa wa kijivu, kwa amri ya Lee. Rangi za katuni zilijengwa kwa wino wa njano, mwekundu na buluu, kila mmoja ukipigwa mzima au kwa vitone vya asilimia 25 au 50. Wino mweusi ulikuwa wa mistari tu. Kijivu kwa hiyo kilitakiwa kipatikane kwa kuchanganya vitone vya rangi zote tatu kwa uwiano uleule, kwenye karatasi ya bei rahisi inayofyonza wino. Buluu ikizidi kidogo, Hulk anageuka. Katika gazeti lilelile akatoka na rangi tofauti ukurasa hadi ukurasa. Toleo la pili likamleta akiwa kijani, rangi inayohitaji wino mbili tu na isiyoyumba. Shujaa anayejulikana dunia nzima kwa ukijani wake aliupata kwa sababu ya mtambo.

Usambazaji nao ulikuwa na mkono wake. Tangu 1957 magazeti ya Martin Goodman, mmiliki wa Marvel, yalipelekwa sokoni na Independent News, kampuni iliyokuwa mikononi mwa washindani wao wa DC, na kikomo kilikuwa matoleo manane kwa mwezi. Ndiyo sababu mashujaa walibanana wawili wawili katika gazeti moja, Iron Man na Captain America huku, Hulk na Sub-Mariner kule, mpaka 1968 kila mmoja alipopata lake.

Malipo ndiyo sehemu chungu ya habari hii. Mchoraji alilipwa kwa kuchora; utunzi aliokuwa akiufanya papo hapo haukuwa na bei wala, kwa muda mrefu, haukutajwa. Mchoraji Steve Ditko alianza kutajwa kama mtunga kisa wa Spider-Man mwaka 1965, wakati yeye na Lee walikuwa hawasemezani tena na kurasa zikipitia kwa Sol Brodsky, msimamizi wa uzalishaji. Mwaka uliofuata akaondoka. Kirby akaenda DC mwaka 1970. Warithi wake walipeleka kesi ya hakimiliki za wahusika wake hadi kwenye mlango wa Mahakama Kuu ya Marekani kabla ya kupatana na Marvel mwaka 2014. Ukiniuliza, mzizi wa ugomvi wote huo uko kwenye mpangilio wa kazi. Mwandishi wa maneno alikuwa pia mhariri anayepanga nani atajwe, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho.

Baadaye wachapishaji wengi walirejea kwenye maandishi kamili, na Marvel pia. Mchoraji wa leo kwa kawaida anapokea kila tamko kabla hajainua kalamu. Lakini tangu miaka ya 1990, kampuni kama Comicraft zilipoanza kuweka herufi kwa kompyuta, maneno hayaandikwi tena juu ya mchoro. Hukaa katika faili lake, na mwandishi akishaiona picha anaweza kufuta kiputo, kuandika kingine au kuuachia uso useme wenyewe, hadi siku faili zinapokwenda kwa mchapaji.