Mchezo wa Kuleta: Jinsi ya Kuutambua Ulio Bora

Wafugaji wengi huupima mchezo wa kurusha na kuleta kwa uchovu: mbwa akirudi anahema, ulimi nje, wanaridhika. Kipimo hicho kinapotosha. Mchezo bora ni ule unaomtaka mbwa afikiri kabla ya kukimbia, na ushahidi umo katika kazi iliyouzaa. Mbwa aina ya Labrador na jamaa zake walikuzwa Uingereza katika karne ya 19 ili kuwaletea wawindaji ndege waliopigwa risasi. Mbwa alitulia kando ya mwindaji, akakariri mahali ndege alipoangukia, akangoja amri, akamtafuta majanini kwa pua, kisha akamleta bila kumtafuna. Subira, kumbukumbu, pua na mdomo mpole: ndivyo vigezo vinne vya kuupimia mchezo wowote wa aina hii.

Mchezo wenye subira humfanya mbwa atulie kitu kikiwa bado hewani, aondoke kwa amri tu. Wenye kumbukumbu hutumia vitu viwili vilivyowekwa pande mbili akiona. Akitumwa kufuata cha pili baada ya kuleta cha kwanza, hana budi kukumbuka. Wa pua huficha kitu asipoona, naye akipunguza mwendo na kuinamisha kichwa, ujue kazi imeanza. Mwisho, kitu kifike mkononi mwako kikiwa kizima. Mpira wa tenisi usiwe wa kila siku, kwa kuwa manyoya yake husaga meno. Fimbo nayo huweza kumchoma kooni.

Atakayesema mbwa wake hufurahia mirusho isiyokwisha hajakosea, ila furaha si kipimo cha usalama. Mbwa mwenye ari huendelea hata mwili unapolemewa, na kwa kuwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, mbio za adhuhuri mjini Mombasa au Dar es Salaam zinaweza kumuua. Wapo pia wanaoona kwamba mbwa wa kienyeji hana asili ya kuleta. Kweli, huenda akachelewa kuachia kitu, lakini hujifunza kukibadilisha kwa kipande cha nyama, na pua anayo. Basi punguza mirusho, ongeza maficho, badilisha vitu na mahali, kisha acha mchezo angali anautamani.