Ufundi wa Kutenga

Fundi mmoja wa maabara ninayemfahamu hapa Matai hana haraka. Akishatoa vichupa kwenye sentrifuji hathubutu kuvitikisa. Huingiza pipeti polepole, akafyonza seramu ya manjano na kuacha kiasi cha ukucha mmoja juu ya damu iliyolala chini. Vijana humwona anachelewesha foleni. Kwao tone moja kwenye kipimo cha haraka linatosha: mstari ukitokea, homa ya ini ipo.

Mstari ule hutafuta antijeni ya virusi vya homa ya ini B, ambayo Baruch Blumberg aliigundua miaka ya 1960 katika seramu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Kuiona lilikuwa jambo moja. Kuitoa safi katika damu yenye ugonjwa hadi iwe chanjo kulihitaji mikono mingine. Maurice Hilleman na wenzake wa Merck walichukua plazma ya watu waliobeba virusi, wakaizungusha kwa kasi ya kutisha ili chembe za nanomita 22 zijitenge na virusi vizima, vyenye ukubwa wa karibu mara mbili yake. Pepsini ikala protini za ziada, urea ikafumua, formalini ikamalizia kilichobaki hai. Hata hapo hawakujiamini, wakaijaribu kwanza kwa sokwe. Marekani iliidhinisha chanjo hiyo mwaka 1981.

Sisi Wafipa tungepaswa kuwaelewa. Wazee wetu hawakuridhika na chuma kilichotoka katika ilungu, tanuri lile refu kuliko mtu. Walikirudisha motoni ndani ya kintengwe, tanuri dogo la kusafishia, taka zilizosalia zitoke.

UKIMWI ulipozuka, watu walikiogopa chochote kilichotokana na damu, ingawa hatua zile za Hilleman zilithibitika kuua hata VVU. Mwaka 1986 ikaja chanjo inayotengenezwa kwa hamira, na ile ya plazma ikaanza kusahauliwa. Sikatai, ni nafuu kubwa. Watoto wetu nchini wanachanjwa tangu 2002. Lakini naona tuliaga pia ule woga wenye adabu wa mtu anayejua kwamba tiba na sumu zimo katika chupa moja.

Siku hizi sampuli husukwasukwa njiani, majibu husomwa kabla ya dakika zake. “Mashine itajua,” kijana mmoja aliniambia. Chembe za damu zikishapasuka na seramu kuwa nyekundu, damu hutakiwa upya, na mwenyewe keshapanda gari la kurudi Kasanga.