Chumvi Mbili, Sufuria Moja

Tumati, wilayani Mbulu, ni nchi ya vilima, na vilimani maharage hayana haraka. Mgeni aliyezoea kupika Tanga ataongeza kuni, atapuliza moto, na sufuria itatokota kwa kelele, lakini punje zitabaki ngumu. Sababu ni mwinuko. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha. Nyanda za juu za Mbulu maji huchemka chini ya nyuzijoto 95, wakati pwani ni 100. Ukizidisha moto unazidisha mvuke tu. Joto la maji linabaki palepale. Ndiyo maana mpika makande wa huku lazima atafute msaada, na kwa miaka mingi msaada huo umetoka bondeni kwenye maziwa ya magadi.

Mnadani nilinunua kibonge cha rangi ya majivu, tope likiwa limeganda upande wa chini. Muuzaji alikiita chumvi ya Balangida. Nyumbani nikakiweka kwenye kisosi, nikakikamulia limau. Papo hapo kikatoa povu, na ukitega sikio unasikia kama kitu kinachokaangwa mbali. Chumvi ya dukani niliyoiweka pembeni ililowa tu, ikanyamaza.

Hapo pana maelezo yote. Chumvi ya kula ni sodiamu na klorini, na ndani yake hakuna kitu ambacho tindikali ya limau inaweza kukigeuza gesi. Magadi ni sodiamu iliyoshikana na kaboneti. Hiyo ikikutana na tindikali huvunjika na kuachia gesi ya kaboni dioksidi, ndilo lile povu. Kwa hiyo kibonge changu kilikuwa na magadi ndani, hata kama ulimi ulionja chumvi kwanza, kisha ule ukali unaofanana na sabuni.

Chumvi na magadi vimechanganyikaje? Ziwa Balangida, chini ya mlima Hanang, halina mto wa kutokea, Ziwa Eyasi vilevile. Maji hushuka na madini ya miamba ya volkano, kisha jua linachukua maji na kuacha madini. Lakini hayagandi yote kwa pamoja: chokaa hutangulia, magadi hufuata, chumvi huja mwisho. Gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi, yawe ya baridi au ya moto, tofauti ni ndogo sana. Magadi yanajali baridi: kwa nyuzi 20 maji hayohayo hubeba gramu 21 hivi za sodiamu kaboneti, yakikaribia kuganda hubeba kama 7 tu. Usiku wa baridi, basi, unayakamua magadi kutoka kwenye maji na kuiacha chumvi ikiwa imeyeyuka humo. Kwenye Ziwa Magadi, Kenya, kiwanda kilitumia mpangilio huohuo: magadi yalichimbwa kwanza, kisha maji yaliyobaki yakaanikwa kwenye mabwawa mpaka chumvi ikaganda. Uvinza, Kigoma, hawakuhitaji hatua hiyo. Maji ya chemchemi zao ni ya chumvi hasa, na watu walianza kuyachemsha vyunguni takriban miaka 1,500 iliyopita.

Turudi jikoni. Ngozi ya harage imeunganishwa na pektini, na pektini imefungwa na kalsiamu kama vifungo vya shati. Sodiamu ikiingia huzifukuza zile kalsiamu na kukaa mahali pake, lakini yenyewe haifungi kwa nguvu, kwa hiyo ngozi inalegea. Wengi tumelelewa tukiambiwa chumvi hukaza maharage. Mimi napinga. Ukiyaloweka usiku kucha katika maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita, sodiamu hufanya kazi hiyo taratibu, na asubuhi maharage huiva upesi zaidi na ngozi hazichaniki.

Magadi huenda mbali zaidi, kwa kuwa yanaivunja pektini yenyewe. Yana kasi, hilo hakuna ubishi, na kuni zinapokuwa ghali simlaumu mtu. Ila huharibu vitamini B1, na yakizidi makande huwa na utelezi na ladha ya sabuni. Sufuria nayo inaumia: alumini hulindwa na utando mwembamba sana, magadi huula, na ndiyo sababu sufuria ya makande huwa nyeusi kwa ndani wakati ya chai ingali inang'aa.

Kuna jambo moja linalonitia wasiwasi zaidi ya sufuria. Mvua za milimani huosha madini joto, yaani iodini, kutoka udongoni, na upungufu wake huleta goita. Ndiyo maana chumvi ya dukani hutiwa potasiamu iodeti. Mtu wa afya akitaka kuipima hudondosha tone lenye wanga, iodidi na tindikali. Iodeti ikiwepo, chumvi hugeuka bluu. Sasa, chumvi yenye magadi huila tindikali ya tone lile kabla haijafanya kazi, na bluu haitokei hata kama madini joto yamo. Vifaa vya kupimia huwa na chupa ya pili ya tindikali kwa ajili hiyo. Asiyeitumia atasema chumvi haina kitu, kumbe magadi yamemficha jibu. Na chumvi ya ziwani isiyotiwa chochote haiwezi kushika nafasi ya ile ya dukani, hata iwe tamu namna gani.

Kwangu sasa maharage yanalala kwenye maji ya chumvi, asubuhi namwaga maji hayo, na chumvi yenye madini joto naitia sufuria ikikaribia kuepuliwa, kwa kuwa moto mrefu hupunguza iodini. Kibonge cha Balangida nilimpa jirani mfugaji. Alikiweka kwenye jiwe zizini, na ng'ombe wawili wakasukumana kukilamba kabla hajageuka.