Juu ya Istilahi "Kuchinja Nguruwe"

Miongoni mwa istilahi zinazobisha hodi katika lugha yetu, iko moja ambayo yafaa irudishwe mlangoni. Nayo ni "kuchinja nguruwe", tafsiri sisisi ya neno la Kichina shazhupan. Neno hilo hutaja utapeli wa mtu kujifanya mpenzi mtandaoni, akamlea mwenziwe kwa maneno matamu wiki hata miezi, kisha akamvuta katika uwekezaji wa uongo. Mwanzoni mwekaji huachiwa atoe faida kidogo; akishatia akiba yake yote, fedha hazitoki tena.

Nguruwe ni haramu kwa Waislamu, nao ni wengi Temeke na Kinondoni. Hilo peke yake lingetosha kumsimamisha mfasiri. Lakini kosa kubwa ni kwamba istilahi hii ni ya matapeli wenyewe, nayo humtazama mtu kwa jicho la mchinjaji. Nani atakwenda kituo cha polisi kueleza kuwa yeye ndiye nguruwe? Desemba 2024 Interpol nayo ilishauri neno hilo liachwe, likatumika jina lenye maana ya chambo cha mapenzi. Chambo tunacho tangu zamani za wavuvi wa pwani. Basi na tuseme "utapeli wa chambo cha mapenzi".

Gumu zaidi ni jina la aliyetapeliwa. Matangazo yetu hupenda "mwathirika". Kiambishi -ik- humwonyesha mtu aliyepatwa na jambo, kana kwamba utapeli ni mafuriko yasiyo na mtendaji. Wenzetu wa Kenya husema "mwathiriwa", na hapo wametuzidi. Mitaani Dar es Salaam husemwa "amepigwa", "amelizwa", "ameingizwa mjini": zote ni kauli ya kutendwa, na mtendaji hajifichi. Ila hilo la mwisho lina kicheko ndani yake, na kicheko humnyamazisha mtu. Tunaye mshtakiwa, tunaye mtuhumiwa. "Mtapeliwa" ni ndugu yao halali.

Matapeli hawadharau maneno. DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, ilikuwa na ofisi Mabibo, wakati ule katika Wilaya ya Kinondoni. Wanachama wake walihimizwa "kupanda" ili "wavune", maneno ya shambani na ya kanisani. Shauri lilipofika mahakamani likaitwa la upatu, na jina la mchezo wa akina mama wanaoaminiana likachafuliwa bure.

Kwa hiyo katika hati "uwekezaji" nao usiachwe peke yake. Uandikwe "uwekezaji hewa", kwa mfano wa "watumishi hewa" waliosakwa mwaka 2016.