Kuihukumu Cherehani Kuukuu Iliyofufuliwa

Miongoni mwa vyombo vya kale ambavyo mtu asiye fundi anaweza kuvinunua kwa fedha kidogo, akavifungua nyumbani kwake na kuvirudishia uhai kwa mikono yake mwenyewe, sikijui kimoja kinacholipa jasho la mwanagenzi kwa ukarimu kuliko cherehani nyeusi ya chuma, ile ya kukanyagwa kwa miguu, iliyoundwa zama ambazo muundaji alitaraji kwamba mnunuzi atamrithisha mwanawe. Lakini kwa sababu ni chombo kinachofufulika kwa wepesi, ni chombo pia kinachopambwa kwa wepesi zaidi. Na baina ya cherehani iliyofufuliwa na cherehani iliyopambwa pana umbali mkubwa, ambao macho peke yake hayawezi kuupima.

Apitaye Misikhu, katika barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, huziona cherehani za namna hiyo zikifanya kazi barazani mwa maduka, hasa mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa na sare za wanafunzi zikadaiwa zote kwa pamoja. Stima ikipotea, mafundi hawana habari nayo, maana nguvu ya chombo chao imo miguuni mwao. Hewa ya nchi hii iliyo chini ya Mlima Elgon, hata hivyo, si sahibu wa chuma: mvua ni nyingi na za muda mrefu, moshi wa kuni hutua juu ya kila kitu kilichomo nyumbani, na kiangazi huleta vumbi lililo laini kiasi cha kupenya kila tundu. Cherehani iliyowekwa pembeni miaka mingi, tangu alipofariki bibi aliyekuwa akiishonea, huwa na maradhi yake mahsusi, na yeyote anayetaka kuihukumu kazi ya aliyeifufua, ama kazi hiyo iwe ya muuzaji au iwe ya mikono yake mwenyewe, sharti ayajue maradhi hayo kwanza.

Hukumu na ianzie mkononi. Uondoe mkanda wa ngozi katika gurudumu, uinue mguu unaokandamiza nguo, utoe uzi wote, kisha ulizungushe gurudumu polepole kwa vidole viwili kuelekea kwako, mizunguko kadhaa, bila kusema neno na bila kumsikiliza muuzaji. Uzito wake utakueleza mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, nayo aghalabu huchanganywa. Gurudumu likiwa zito sawasawa katika mzunguko mzima, hapo pana mafuta ya kale yaliyoganda, na dawa yake ni subira tu. Bali likienda jepesi na kukwama mahali pale pale katika kila mzunguko, basi kuna kitu kilichopinda, au meno yanayosukuma nguo yanagonga bamba lililo chini ya sindano, au uzi umejisokota nyuma ya kile kikombe cha chini kinachobeba bobini, na mfufuaji hakufungua hata kutazama. La kwanza ni uvivu mdogo unaosameheka. La pili ni ushahidi kwamba kazi haikufanywa.

Kisha ulishike gurudumu hilo na kulivuta nje na kulisukuma ndani, pasipo kulizungusha. Ushike na ule mwamba unaobeba sindano, uutikise mbele na nyuma. Mchezo mdogo usioonekana bali huhisika kidogo ni haki ya uzee. Mchezo unaotoa mlio wa chuma kugonga chuma ni ulaji, na ulaji hautibiki kwa mafuta wala kwa rangi.

Juu ya mafuta ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo siri ya kazi nzima ilipo. Katika nyumba nyingi za kijijini, mafuta ya cherehani yakiisha, mwenye nyumba hutia mafuta ya kupikia, akidhani mafuta ni mafuta. Nayo kwa siku chache huifanya mashine iende vizuri, kisha, kwa kukutana na hewa na joto, hugeuka utomvu wa rangi ya kahawia unaoshika kila kiungo. Wengi waliotangaza kwamba cherehani imekufa walikuwa wakitazama utomvu huo. Mwanagenzi mwenye busara haipigi nyundo mashine ya namna hiyo, wala haiachi kwa kukata tamaa: huitia mafuta ya taa tone kwa tone katika kila tundu na kila kiungo, akafanya hivyo nje ya nyumba na mbali na jiko, akaiacha ilale, asubuhi akalitikisa gurudumu kidogo kidogo bila kulilazimisha, akarudia tena na tena mpaka uchafu utoke ukiwa maji meusi. Lakini mafuta ya taa husafisha tu, hayalainishi; asipofuta na kutia mafuta hasa ya cherehani, yale mepesi na meupe, baada ya siku chache chuma kitasagana kikiwa kikavu. Kwa hiyo uguse viungo kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na mafuta safi, mfufuaji alijua. Kikitoka kikavu na harufu ya taa, aliishia nusu ya njia. Kikitoka na grisi nyeusi ya gari, aliyekuwa akiifanya kazi alikuwa na haraka.

Baada ya mafuta, utazame vichwa vya skurubu. Watu wachache huvitazama, na mimi kwa maoni yangu hakuna mahali panaposema kweli zaidi juu ya tabia ya mtu aliyeishika mashine. Bisibisi isiyoenea ufa wa skurubu huuharibu, ikaacha kingo zilizopasuka na kung'aa. Ukiona vichwa vya namna hiyo kila mahali, jua kwamba kila kilichofunguliwa kilifunguliwa kwa nguvu badala ya akili. Jambo hili lina uzito zaidi katika mashine za Singer, kwa sababu skurubu zake nyingi zina hesi za kiwanda chenyewe, zisizolingana na zile za kawaida zinazouzwa katika maduka ya vyuma. Iliyopotea haipatikani Kitale wala Bungoma kwa urahisi, na aliyeipoteza hushawishika kuingiza nyingine kwa kuilazimisha, akaharibu tundu ambalo lilikuwa zima tangu kiwandani. Skurubu moja ya kigeni, yenye kichwa cha umbo tofauti, inatosha kukufanya uulize maswali mengi. Mwanagenzi na apige picha kwa simu kabla ya kufungua kila kiungo, na azipange skurubu katika trei ya mayai kwa utaratibu ule ule alioufungulia; wala asiguse skurubu zinazofunga mihimili mikuu ya ndani, kwa kuwa mwafaka wa sindano na ndoana ya chini uliwekwa kiwandani na mara chache huhama wenyewe.

Na sasa rangi, ambayo wanunuzi huanza nayo na mimi nimeiacha mpaka hapa kwa makusudi. Mashine za kale zilipakwa rangi nyeusi nzito, zikapambwa kwa michoro ya dhahabu, nyingine zikiwa na sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, kisha vikafunikwa vyote kwa vanishi ya kale ambayo spiriti huiyeyusha mara moja. Asiyejua hilo huichukua spiriti akidhani anasafisha, na papo hapo vanishi huondoka. Au hutumia sabuni kali, na dhahabu hugeuka rangi ya fedha iliyofifia, asiweze tena kuirudisha. Kazi njema hufanywa kwa mafuta ya cherehani na pamba, sehemu ndogo kwa sehemu ndogo, na matokeo yake si kung'aa kwa kupita kiasi, bali ni weusi wenye kina, wenye mikwaruzo ya zamani iliyoachwa kwa heshima mahali ambapo mikono ya washonaji ilikuwa ikipita. Mimi naipenda mashine yenye dhahabu iliyofutika kwa nguo za miaka sitini kuliko iliyopulizwa rangi mpya ya gari. Aliyepuliza rangi aghalabu amefunika kitu: yachunguze matundu ya mafuta yaliyo juu ya mkono wa mashine kama yamezibwa na rangi, na upitishe kidole chini ya shingo yake, pale mkono unapokutana na kitako, uone kama pana mshono wa kuchomelea. Cherehani iliyoanguka ikapasuka hapo haifai kwa bei yoyote. Kadhalika lile bamba la uso lenye nakshi, lililopakwa nikeli: likisuguliwa kwa msasa, nakshi hufifia na nikeli hutoka kwa mabaka, wala hapana namna ya kulificha kosa hilo.

Juu ya kitako, upande wa kulia, hupatikana namba ya mashine. Katika Singer, herufi mbili zinazoanza na E, kama vile EA au EF, huonyesha kwamba imetoka katika kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank huko Skotlandi, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, na ambacho katika mwaka 1913 peke yake kilitoa zaidi ya mashine milioni 1; na herufi K katika jina la aina, kama 15K, ni ya Kilbowie hiyo hiyo. Kwa mwanagenzi wa Misikhu aina hiyo ya 15 ndiyo niichaguayo bila kusita, wala si kwa ajili ya fahari: bobini zake, kifuko cha bobini na sindano zake ni zile zile zitumiwazo na mashine za Butterfly za Shanghai, ambazo zilifuata muundo huo huo, hivyo vipuri vyake si vya kutafutwa mbali. Zile za kale zaidi, zenye bobini nyembamba ndefu inayokwenda na kurudi ndani ya kifuko kilichochongoka, ni nzuri mno kuzitazama, lakini kifuko chake kikipotea mtu atasumbuka.

Uondoe bamba lililo chini ya sindano. Hapo nilimwona fundi mmoja, mama mtu mzima, akichomoa kwa ncha ya sindano tabaka la pamba lililoshikamana baina ya safu za meno, likiwa gumu na lenye mistari: buluu juu, kijani chini yake, kisha rangi ya damu ya mzee, sare za shule tatu zilizopita juu ya meza ile mwaka baada ya mwaka. Pamba hiyo huyainua meno au huyazuia kushuka, na nguo hukataa kwenda. Mtu akakaza kila skurubu asijue kwamba dosari ni uchafu tu. Mashine iliyouzwa kama iliyofufuliwa ikakutwa na tabaka hilo haikufufuliwa. Uyaguse meno yenyewe kwa ukucha: yakiwa makali hukwaruza, yakiwa yamelika ukucha huteleza. Kisha ukague tundu la sindano katika bamba, kwa kuwa sindano iliyopinda huligonga na kuacha makovu yanayokata uzi. Mfufuaji mwema huyalainisha kwa uzi uliopakwa unga wa msasa, kazi ya saa nzima isiyoonekana na mtu.

Bobini nayo ina mtihani wake. Uitie katika kifuko chake, ushike ncha ya uzi na ukiache kifuko kining'inie: kikiporomoka chenyewe, springi imelegea, kisiposhuka hata ukitikisa, imekazwa mno, kinapaswa kushuka kidogo kwa kila mtikiso na kusimama.

Ndipo ushone. Utumie sindano mpya namba 14, kwa maana sindano kuukuu huidhulumu mashine nzuri, na uhakikishe kwamba uzi unaingia kutoka upande wenye mfereji mrefu na kutokea upande wa ubapa. Juu uweke uzi mwekundu na chini uzi mweupe, juu ya poplini ya shati iliyokunjwa mara mbili. Mshono wa haki hukutanisha nyuzi mbili katikati ya nguo, hata nyekundu haionekani chini wala nyeupe haionekani juu. Nyekundu ikitoa vitanzi upande wa chini, uzi wa juu umelegea, au vile vibati viwili vinavyoubana vimejaa kutu na mabaki ya nyuzi. Na hapo ndipo utakapotambua iwapo mfufuaji alivifungua na kuvisugua, au alikaza tu kokwa yake mpaka mwisho. Usiridhike na poplini. Ubadilishe sindano uweke namba 16, uchukue kaki ya kaptura, uikunje mpaka iwe tabaka nne, ushone kuvuka mkunjo huo kwa mwendo wa pole, kisha urudi katika poplini moja tu bila kubadilisha chochote ila sindano. Mashine iliyopatanishwa kwa uhodari huvuka mlima huo na kushuka bila kuruka mshono. Kama ina wenzo wa kurudi nyuma, ushone mbele, kisha urudi juu ya mshono ule ule: sindano ikiangukia matundu yake ya kwanza, au karibu nayo sana, hapo unayo mashine.

Juu ya meza na miguu yake sina mengi. Kanyagio liende bila kugonga, mkanda uwe mzima wala usikazwe hata kulifanya gurudumu zito, na mbao zikaguliwe kama zimeliwa na bungua. Haya yote fundi seremala huyatengeneza. Hata pete ya mpira ya kusokotea bobini, ambayo hukauka na kupasuka katika kila mashine ya umri huo, haifai kukufanya ukatae. Hununuliwa kwa bei ndogo na kuvalishwa kwa vidole. Ukikuta mashine iliyopita mitihani ya gurudumu, skurubu na mshono, ilhali muuzaji anaona haya kwa sababu rangi yake imekwaruzika na pete hiyo imekwisha, mlipe anachotaka, na uifunge vizuri kabla ya kuipakia kwenye matatu, kichwa chake kikiwa kimelazwa juu ya gunia lenye majani makavu.